Mashine Ipange, Mtu Ajibu: Maswali na Majibu Kuhusu Akili Mnemba Katika Taasisi za Utamaduni

Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, programu zinazotunga maandishi zimeingia katika makumbusho, maktaba, vikundi vya ngoma na vituo vya utamaduni. Mara nyingi zimeingia kupitia simu ya mtumishi mmoja, kabla uongozi haujakaa kuzijadili. Yafuatayo ni maswali ambayo watu wa kazi hizi huuliza, na majibu yangu kama mhariri wa maandishi ya urithi wa utamaduni.

Ofisi yetu ina watumishi wachache na kazi ya kuandika haiishi. Programu hizi zitatufaa kwa lipi?

Zitawafaa pale ambapo maarifa mnayo wenyewe, na kinachowachosha ni kuyapanga. Mtunza makumbusho aliyeandika kurasa tatu kuhusu mtepe, chombo cha kale cha pwani kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, anaweza kuiomba programu imfupishie ziwe maneno 80 ya kubandikwa ukutani. Katibu anaweza kuipa vidokezo vyake vya kikao, visivyo na siri, impangie rasimu ya muhtasari. Anayeandaa andiko la mradi anaweza kuiuliza ni sehemu gani haieleweki, na mfadhili huenda akauliza nini kuhusu bajeti.

Katika mifano yote hiyo mtu ameleta habari, programu imezipanga, kisha mtu yule yule amesoma upya na kusahihisha. Hatari huanza unapoiambia, “Niandikie historia ya ngome yetu,” bila kuipa chochote.

Kwa nini ni hatari, ikiwa inajua mambo mengi kuliko sisi?

Kwa sababu kazi yake si kujua. Imefunzwa kwa maandishi mengi mno, na inachofanya ni kukisia neno linaloelekea kufuata jingine. Jambo lililoandikwa mara nyingi hulikisia vizuri. Jambo lililoandikwa kwa uchache hulijazia, na hulijazia kwa lugha ile ile ya kujiamini. Historia ya pwani yetu, hasa ya miji midogo, nasaba na vikundi vya ngoma, iko zaidi katika vinywa vya watu na makabati ya nyaraka kuliko katika intaneti. Kwa hiyo mashine huelekea kukosea pale pale ambapo taasisi za utamaduni zina wajibu mkubwa zaidi.

Ngome ya Yesu, Mombasa, ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Mwaka 1698 iliangukia mikononi mwa Waomani baada ya kuzingirwa tangu 1696, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ni tarehe nne, na kila moja inaweza kubadilika kwenye rasimu bila sentensi kuharibika hata kidogo. Vivyo hivyo Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha hiyo mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, na ni rahisi mno miaka hiyo kupishana. Msomaji hawezi kuliona kosa kwa kusikiliza ufasaha wa sentensi.

Kanuni ni moja: kila jina, mwaka, idadi na nukuu iliyomo katika rasimu ihakikiwe kwa chanzo ambacho mtu amekifungua kwa mkono wake. Kuiuliza programu kama ina uhakika si uhakiki. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza faini mawakili waliowasilisha kesi zisizokuwapo, zilizotungwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza kama kesi hizo ni za kweli, nayo ikamjibu kwamba ndiyo.

Kiswahili chake kinasomeka vizuri. Bado tuna sababu ya kuwa na wasiwasi?

Ndiyo, hasa kwa maneno ya wazee. Kiswahili kinachopatikana kwa wingi katika maandishi ni kile sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja. Ukiipa programu masimulizi ya mzee wa Lamu au Mombasa na kuiomba “isafishe lugha”, huenda pale aliposema *mato* ikaandika macho, na aliposema *ndia* ikaandika njia. Maana imebaki, ila ushahidi wa jinsi alivyozungumza umefutwa, na huenda kurekodi lahaja hiyo ndiko kulikowapeleka kwake tangu mwanzo.

Nukuu ya msimulizi isiguswe na mashine. Ikihitajika tafsiri au ufafanuzi, uwekwe kando, na maneno yake yabaki yalivyo.

Tuna rekodi nyingi za mahojiano. Tunaweza kuzipakia ili zinukuliwe na kufupishwa haraka?

Hapa ndipo ninapoomba mtulie zaidi. Swali la kwanza ni hili: mzee aliridhia nini? Kama aliambiwa kwamba sauti yake itahifadhiwa katika maktaba yenu, hakuridhia ipelekwe kwenye kompyuta za kampuni iliyo ng’ambo. Baadhi ya huduma, hasa za bure, huweza kutumia kinachopakiwa kufunzia programu zao, isipokuwa kama mtumiaji amezima ruhusa hiyo. Someni masharti kabla ya kupakia chochote.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na pia sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na tamaduni za jamii. Sheria hiyo ya 2016 ni muhimu kwetu kwa sababu inatambua kwamba mwenye mali anaweza kuwa jamii nzima. Ridhaa ya msimulizi mmoja haitoshi kwa jambo lisilo lake peke yake.

Fikirini vigango vya Wagiriama, nguzo za mbao zinazosimikwa kuwakumbuka marehemu wa chama cha Gohu. Kimila havipaswi kung’olewa. Hata hivyo vingi viliibwa na kuuzwa, vikaishia katika makumbusho na nyumba za wakusanyaji Marekani, na kurudisha hata vichache kumechukua miaka mingi. Kigango kilichoibwa angalau kinaweza kutafutwa na kurudishwa. Maneno ya unyago au ya jando, au siri za kaya (misitu mitakatifu ya Wagiriama) zilizokabidhiwa mtafiti kwa kuaminiana, yakishaingia katika mafunzo ya programu hayana mlango wa kurudia.

Basi gawanyeni hazina yenu mafungu matatu: yaliyokwisha kuchapishwa kwa ridhaa, yanayohitaji ruhusa mpya, na yasiyotoka kabisa. Fungu la tatu lisiguse mashine hata kwa majaribio. Kwa fungu la pili, rudini kwa wenyewe, muwaeleze kwa lugha nyepesi kitakachofanyika, na mkubali jibu la hapana.

Tuna sherehe ya ufunguzi. Kuna ubaya kuiagiza mashine itutungie shairi?

Upo. Shairi la tarbia lenye mizani kumi na sita kwa mshororo, vina vya kati na vya mwisho, ni kazi ambayo programu hizi mara nyingi huikosea: mizani hupungua na vina hulegea. Lakini hata siku zitakapoitimiza, jibu langu litabaki lile lile. Taasisi ya utamaduni ipo ili malenga apate wa kumwita, wa kumsikiliza na wa kumlipa. Ikimnyima kazi hiyo ndogo, imeacha sababu ya kuwapo kwake. Mwiteni malenga, mlipeni, na jina lake lisomwe.

Je, tuwaambie wasomaji kwamba tumetumia akili mnemba?

Barua ya kuomba ukumbi haihitaji tangazo. Maelezo ya maonyesho, kitabu, makala na tafsiri yanahitaji. Sentensi moja inatosha: “Rasimu ya maelezo haya ilipangwa kwa msaada wa akili mnemba, ikahaririwa na kuhakikiwa na watumishi wa makumbusho.” Sentensi hiyo iwe ya kweli, maana anayeiweka bila kuhakiki amedanganya mara mbili.

Kwa picha muwe wakali zaidi. Msitengeneze picha inayofanana na ya kale ya Kilwa au Bagamoyo. Itanakiliwa bila maelezo yake, na miaka michache ijayo mwanafunzi ataitumia kama ushahidi.

Kanuni zetu ziwe na nini?

Ukurasa mmoja unatosha, ukijibu mambo matano:

1. Kazi zinazoruhusiwa na zisizoruhusiwa.
2. Nyaraka, rekodi na taarifa za watu zisizopakiwa kamwe.
3. Akaunti inayotumika, iwe ya ofisi na si ya mtumishi binafsi.
4. Jina la anayehakiki na jina la anayeidhinisha, kwa kila chapisho.
5. Mahali pa kuhifadhi rasimu na vyanzo vilivyotumika kuhakiki.

Mpitie ukurasa huo kila mwaka, kwa sababu programu na masharti yake hubadilika upesi.

Si afadhali kuzipiga marufuku tu?

Marufuku haitazitoa katika simu za watumishi. Itawafanya wazitumie kwa siri, na kinachofanywa kwa siri hakihakikiwi. Ni heri kuruhusu kwa mpaka unaojulikana. Mpaka wenyewe ni huu: usiiingizie mashine usichoruhusiwa kukitoa, wala usichapishe usichoweza kukitetea mbele ya waliokisimulia. Viongozi wa taasisi zetu, ukurasa huo mmoja uandikwe sasa, na wazee wenye simulizi waitwe mezani unapoandikwa.