SOMO KWA VYAMA: CHIPUBODI KUTOKANA NA MAGOGO YA MICHIKICHI

Mchikichi hukatwa si kwa sababu umekauka, bali kwa sababu umerefuka mno. Ufikapo umri wa miaka 25 hadi 30 mikungu yake huwa juu sana kwa mvunaji, na mazao hupungua. Katika Malaysia na Indonesia, ambako mmea huu uliotoka Afrika Magharibi umestawi kuliko kwao, mashamba hufyekwa kwa zamu na kupandwa upya. Mkoani Kigoma nako, tangu Serikali ilipoanza kampeni ya zao hili mwaka 2018, wakulima wanahimizwa kuondoa michikichi mikongwe ya aina ya dura na kupanda tenera. Penye kukata pana magogo, na penye magogo haumkosi mfanyabiashara mwenye picha za mitambo. Kabla halmashauri ya chama haijagusa fedha za hisa za wanachama, yafaa ielewe kinachouzwa.

Gogo la mchikichi si gogo la mvule. Halina pete za miaka wala moyo mgumu. Ni nyuzi ngumu zilizotawanyika ndani ya nyama laini mfano wa sifongo. Upande wa nje nyuzi zimesongamana, katikati na kileleni ni chache. Theluthi mbili ya uzito wake, pengine zaidi, ni maji, na ndani ya maji hayo mna sukari, na katika nyama mna wanga. Ndiyo maana ubao uliopasuliwa humo hujikunja ukikauka, na gogo lililolala shambani huota kuvu baada ya siku chache tu. Likishaoza huwa kitalu cha mbawakawa wenye pembe, jamaa za yule anayeharibu minazi ya pwani, nao hurukia miche michanga iliyopandwa kando yake.

Kwa kuwa ubao haufai, wataalamu wa Asia waligeukia chipubodi. Gogo huondolewa gamba, hukatwakatwa kuwa chembe, na chembe huchekechwa ili kupunguza ile nyama laini, ambayo hunywa gundi nyingi bila kuongeza nguvu. Kisha hukaushwa mpaka unyevu ubaki karibu asilimia 5. Hapa pasifanywe haraka: chembe zenye maji zikikandamizwa kwa moto hutoa mvuke, na ubao hupasuka tumbo. Chembe kavu huchanganywa na gundi, kwa kawaida kilo 8 hadi 12 kwa kila kilo 100, hutandazwa, na kukandamizwa katika joto la digrii 160 hadi 200.

Gundi iliyozoeleka ni ya yurea na fomaldehidi. Ni rahisi, lakini haivumilii maji, na hewa ya fomaldehidi iliwekwa mwaka 2004 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika orodha ya visababishi vya ugonjwa huo. Banda lisilo na madirisha ya kutosha halifai hata kidogo. Watafiti wa Universiti Sains Malaysia, Penang, wameonyesha kwamba chembe za mchikichi zaweza kushikana bila gundi, kwa sukari na wanga wake wenyewe. Ila mbao hizo nazo huvimba zikilowa.

Sasa hesabu. Tuchukue chama cha mfano chenye wanachama 100, kila mmoja na ekari 1 yenye michikichi 58, kinachopanda upya ekari 4 kila mwaka. Magogo ni 232. Tukikadiria gogo moja kuwa tani 1, chama kitasomba tani 232, na katika hizo karibu tani 155 ni maji yaliyolipiwa nauli. Kila gogo litabakiza kilo 330 kavu. Tuseme nusu yake yafaa. Karatasi moja ya futi 8 kwa 4, unene milimita 18, huhitaji kilo 33 hivi za chembe. Basi gogo moja hutoa karatasi 5, na mwaka mzima 1,160, yaani mita za ujazo 62. Kiwanda kinachotoa mita 20 kwa siku, nacho ni kidogo, kitayamaliza kwa siku 3 na ushei. Siku zilizobaki mlinzi atalipwa na mkopo utadai riba.

Kwa hiyo kazi hii haifai chama kimoja kimoja. Labda vyama vingi pamoja, vilivyo karibu na barabara na umeme, vikiwa na mapatano ya nani atakata lini. Chama kisichoweza kufikia hapo kikate magogo vipande vyembamba na kuvitandaza shambani, vikauke na kuoza upesi kabla mbawakawa hajazaliana. Potasi iliyomo hurudi udongoni bila mkopo.

Maswali kwa kikundi cha masomo: Wanachama wenu watakata ekari ngapi mwaka ujao? Kutoka shamba la mbali mpaka barabarani ni kilomita ngapi, na lori hupita masika? Seremala wa mji ulio karibu hununua chipubodi kwa bei gani sasa, na huitoa wapi?