SOMO LA 23: KUTAZAMA NYAMA WA RUZIZI

Neno «safari» ni letu. Maana yake ni mwendo wa njia. Lakini wageni wa Ulaya na Marekani, wakilisikia, hufikiri simba na tembo. Hulipa fedha nyingi waje kutazama nyama wa pori. Sisi wa Kiringye tunakaa katika bonde la Ruzizi, mto utokao ziwa Kivu na kuingia ziwa Tanganyika. Ng'ambo, katika Burundi, iko mbuga ya Rusizi, ambamo viboko na mamba hulindwa. Basi, watoto, tujifunze kutazama.

Mtazamaji mzuri hana haraka. Kwanza, husimama mbali, mahali palipoinuka, naye hunyamaza. Pili, hutazama majani yanavyoyumba, ajue upepo unatoka wapi. Nyama akipata harufu ya mtu, hukimbia au hukasirika. Tatu, husoma nyayo. Unyayo wa kiboko una vidole vinne.

Mchana kiboko hukaa majini, kwa maana jua hukausha ngozi yake upesi. Utaona macho, masikio na pua tu. Akizama, hurudi kuvuta pumzi baada ya dakika 5 hivi. Usiku hutoka kula majani, karibu kilo 40, naye hupita njia ileile kila siku.

Akipanua kinywa, usiseme ana usingizi: anaonya. Dume huweza kupita kilo 1,500, lakini katika nchi kavu humshinda mtu mbio. Kwa hiyo usisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Usichote maji penye njia yake. Usiende mtoni peke yako jioni wala alfajiri.

Mamba alalaye mchangani kinywa wazi anapoza mwili. Mama mamba hufukia mayai mchangani. Baada ya miezi 3 hivi husikia watoto wakilia ndani ya mayai. Huwafukua na kuwachukua kinywani mpaka majini.

Mkulima aliyeliwa mpunga wake hawezi kumsifu kiboko. Ana haki ya kulinda shamba: achimbe mfereji, awashe moto, apige ngoma. Lakini kumfukuza nyama si kumaliza kizazi chake. Katika mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, walikuwako viboko zaidi ya 20,000 katika miaka ya 1970. Wenye bunduki waliwaua kwa ajili ya nyama na meno. Mwaka 2006 hawakufika 1,000. Kuua ni kazi ya siku moja. Lakini kiboko jike hubeba mimba miezi 8, naye huzaa mtoto mmoja tu.

MASWALI
1. Kwa nini mtazamaji huchunguza upepo?
2. Kiboko akipanua kinywa, maana yake nini?
3. Taja mahali pa hatari mtoni karibu na kwenu. Mtachota maji wapi?
4. Mkulima afanye nini alinde mpunga bila kuua?
5. Kwa nini viboko wakiisha hawarudi upesi?