Mto umefurika, kijijini hakujanyesha

SWALI: Hapa Wampembe mto hufurika ghafla hata siku ya jua. Maji hayo hutoka wapi?

JIBU: Yanatoka juu, Ufipa. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, uwanda wa Ufipa unapita 1,800, na kati yake ni ukingo mkali wa Bonde la Ufa. Hewa yenye unyevu ikipanda ukingo huo hupoa, ikafanya mawingu. Mvua inamwagika huko, nyie ufukweni mnaanika dagaa. Udongo wa miteremko ni mwembamba, na kufikia Machi umeshashiba, basi maji hayazami, yanakimbia. Makorongo yote huyamwaga kwenye mkondo mmoja.

Kibaya zaidi ni magogo na mawe kuziba korongo juu. Maji hujikusanya nyuma yake, kisha kizuizi hupasuka. Kwa hiyo mto ukipungua ghafla wakati milimani kumetanda wingu jeusi, au ukigeuka rangi na kuleta majani mabichi, watoe watoto mtoni haraka.

Mlima wenyewe nao huweza kumeguka, kama Mlima Hanang, Desemba 2023, tope lilipoufikia mji wa Katesh. Kupanda kwa ziwa ni jambo jingine. Kupanda huko huchukua miezi.