SOMO: DAFTARI LA ZAHANATI NA NYUMBA TUNAZOLALA

Kila siku mhudumu wa zahanati huandika katika daftari umri wa mgonjwa, blok anayotoka na ugonjwa wake. Mwisho wa mwezi hujumlisha na kupeleka taarifa ofisini. Wakazi wengi hudhani kazi ya daftari inaishia hapo. Lakini kamati ya blok inaweza kulitumia kujua nyumba zipi zinaumiza watu, na kuomba turubai au miti kwa hoja badala ya kelele.

Njia hii ni ya zamani. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 500 kwa siku chache karibu na Broad Street, London. Daktari John Snow aliuliza nyumba kwa nyumba waliokufa walikuwa wakiteka maji wapi. Wengi walitumia pampu moja. Aliwaonyesha viongozi, na mpini wa pampu ukaondolewa.

Mwombeni mhudumu idadi ya wagonjwa kwa kila blok. Msiombe majina. Mgonjwa wa kifua kikuu akisikia jina lake mkutanini, hatarudi kuchukua dawa.

Sasa fanyeni hesabu. Tuseme mwezi huu Blok A ina watoto na watu wazima 24 wenye kikohozi na homa, na Blok B ina 36. Je, B ndiyo yenye shida zaidi? Tazameni kwanza wakazi ni wangapi. Kiongozi wa blok anayo idadi kwa ajili ya mgao wa chakula. Ikiwa A ina watu 400, wagonjwa ni 6 katika kila watu 100. Ikiwa B ina watu 900, ni 4 katika kila 100. Kumbe A ndiyo inayoumwa zaidi. Magomvi mengi ya nani apewe turubai kwanza yangekwisha kwa hesabu hii ndogo.

Daftari nalo lina upofu wake. Humwona aliyefika zahanati tu. Blok iliyo mbali huonekana na afya njema kwa sababu mama mwenye watoto watano ameshindwa kutembea. Kwa hiyo ulizeni pia majumbani.

Kisha tembeleeni blok yenye wagonjwa wengi mkatazame nyumba zenyewe. Kama ni kikohozi cha watoto, angalieni moshi: je, jiko liko ndani, na moshi unatokea wapi? Pimeni pia nafasi. Kipimo cha chini kinachotumiwa na mashirika ni mita za mraba 3.5 kwa mtu mmoja. Familia ya watu 6 inahitaji mita za mraba 21, yaani nyumba ya mita 7 kwa 3. Wakilala humo watu 10, surua na kifua kikuu hupita kwa urahisi.

Kama ni malaria, tafuteni mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali. Tulijenga nyumba tukasahau shimo, nalo likajaa mvua na mbu.

Homa inayokuja, ikakoma, ikarudi baada ya siku kadhaa yaweza kuwa homa ya papasi. Papasi hujificha mchana katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku hutoka, hunyonya damu na kurudi. Ugonjwa huu ni hatari sana kwa mama mjamzito, naye asikawie kwenda zahanati. Kandikeni nyufa, inueni kitanda na kukitenga na ukuta.

Kufukia mashimo na kukandika ni kazi ya mikono yetu. Paa linalovuja na nyumba iliyojaa mno huhitaji msaada, na hapo andikeni barua: blok ina watu wangapi, wangapi waliugua na mwezi gani, nyumba ngapi zilitazamwa na ngapi zina kasoro ipi. Turubai huwa hazitoshi, na barua haizizidishi. Lakini anayegawa ataona pa kuanzia, na ninyi mtakuwa na nakala ya kumwuliza nayo.

Baada ya matengenezo hesabuni tena, ila msilinganishe masika na kiangazi. Malaria hupungua yenyewe mvua zikikatika. Linganisheni Aprili na Aprili ya mwaka uliopita.