Mbwa Akibweka Mno, Avae Mkanda Gani?

Ndugu mfugaji wa Handeni na Kilindi, mbwa akibweka usiku, kagua zizi kwanza. Huenda amenusa fisi. Akibweka bila sababu, angalia njaa, kiu, viroboto, au kufungwa kutwa nzima.

Mkanda wa shingoni ni wa kumshika, si wa kumkaba. Chagua mpana, wa ngozi, vidole viwili vipite chini yake. Waya au kamba ya katani humchubua.

Sauti ikibadilika ghafla na udenda ukimtoka, usimguse: huenda ni kichaa cha mbwa. Mwite afisa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa wachanjwe kila mwaka.