Malkia Anayeliwa Bure

Swali: Programu yangu ya sataranji hutazama hatua nne mbele, lakini mara nyingi malkia hula askari, kisha naye analiwa. Nimekosea wapi?

Jibu: Umekata hesabu katikati ya mapigano. Hatua ya nne ikiwa ni kula, programu huona faida ya askari na kuridhika. Pigo la kulipiza liko hatua ya tano, isikofika. Usipime ubao hapo. Endelea kufuata hatua za kula tu hadi ubao utulie, ila mfalme akishambuliwa, jaribu njia zote za kumwokoa. Kila upande uwe huru kuacha kula, kwani hakuna anayelazimishwa kupokea hasara.

Fanya hivi kabla ya kuongeza kina. Kasi utaipata kwa alfa-beta, mbinu ya kuruka matawi yasiyoweza kubadili uamuzi: zikiwapo hatua 35 kila zamu, nafasi 1,500,625 za mwisho baada ya hatua nne hushuka hadi 2,449, mradi hatua bora zitangulie.