Maktaba na Fundi Anayeanza

Watu wengi wadhani kwamba maktaba ni ghala la vitabu tu: mahali pa wanafunzi wakati wa mitihani, na pa wazee wenye nafasi ya kusoma magazeti. Kwa fikira hiyo, kijana aliyemaliza shule akaanza kushona, kuchora, kupiga picha au kutengeneza samani, hana haja nayo. Juma hili twapenda kuichunguza fikira hiyo, maana yawanyima vijana wetu msaada ambao wenzao wa nchi nyingine wameupata zamani.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1904, katika mji wa Newark, Marekani, mkuu wa maktaba John Cotton Dana alifungua tawi maalumu kwa ajili ya wafanyabiashara, akaweka humo ramani, orodha za anwani na vitabu vya kazi zao. Mwaka 2006, Maktaba ya Taifa ya Uingereza ilifungua mjini London kituo cha biashara na haki za ubunifu. Hapo mtu hutazama bure taarifa za masoko ambazo peke yake asingeweza kuzinunua. Tena hukutanishwa na wenye ujuzi. Kituo hicho kimepata hata kuwa na mvumbuzi wake, aliyekutana na watu mmoja mmoja na kuyapima mawazo yao. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipelekwa katika maktaba za mitaa kumi ya London, ili asiyeweza kufika katikati ya mji asaidiwe karibu na kwake. Huko Kanada, Maktaba ya Umma ya Toronto imepata kuwakaribisha wafanyabiashara wazoefu wakae kwa muda, wasome mipango ya wanaoanza na kuwashauri.

Pengine msomaji atauliza: Ikiwa vitabu vipo, fundi aletwe wa nini? Jibu ni hili: kitabu hueleza kanuni, lakini hakiwezi kuitazama kazi yako. Tuseme binti ashona mkoba wa kitenge na kuuuza shilingi 15,000. Kitambaa kimemgharimu 7,000, uzi na zipu 2,000, nauli 1,500. Zimebaki 4,500, naye afurahi kwamba amepata faida. Fundi mzoefu atamwuliza swali moja tu: Umeushona kwa siku ngapi? Akijibu siku mbili, ataona kwamba kila siku amefanya kazi kwa shilingi 2,250, wala hajaweka kitu kwa ajili ya cherehani itakapoharibika. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo twaijua sote. Kukaa na mtu anayetushika mkono tuliandike daftari lenyewe, hilo ndilo tulilolikosa.

Jambo la pili ni haki za mbunifu. Wengi huzichanganya, kumbe ni mbalimbali. Hakimiliki hulinda wimbo, hadithi, picha au mchoro, nayo huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Alama ya biashara hulinda jina au nembo ambayo wanunuzi hukutambua kwayo, na yafaa iandikishwe. Hataza hulinda uvumbuzi mpya, nayo haipatikani bila kuombwa. Hapa pana hatari kubwa: katika nchi nyingi, mvumbuzi akiutangaza uvumbuzi wake hadharani kabla ya kuomba, aweza kuipoteza haki yake, kwa kuwa jambo hilo halihesabiwi tena kuwa jipya. Kwa Tanzania Bara, alama za biashara na hataza hushughulikiwa na BRELA, na hakimiliki na COSOTA. Ni vijana wangapi waliojua hayo kabla hawajaionyesha kazi yao sokoni?

Wako watakaosema kwamba twataka kuifanya maktaba kuwa soko. Hofu yao ina haki. Msomaji aliyekuja kutafuta utulivu asifukuzwe na makelele, wala fedha za vitabu zisimalizwe kwa mikutano. Kwa hiyo mashauri yapewe chumba chake na saa zake. Tena mshauri achaguliwe kwa uangalifu: asiwe mwenye kutafuta wateja, asiwadai malipo wanaokuja, na siri atakayoambiwa asiitumie kwa faida yake. Maktaba ni mahali pazuri kwa kazi hii kwa sababu haina bidhaa ya kumwuzia mtu. Ikiipoteza sifa hiyo, afadhali isianze.

Je, hapa kwetu yawezekana? Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mjini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na maktaba za mikoa zipo. Hatudai majengo mapya. Meza moja, viti viwili, na alasiri moja kila mwezi zatosha kuanzia. Mwezi huu aje fundi cherehani aliyedumu katika kazi. Mwezi ujao mchoraji au mpiga picha. Mwezi wa tatu mtu anayejua kuandikisha jina la biashara. Mkutubi naye aweke mezani vitabu vinavyohusu kazi ya siku ile, ili anayetoka kushauriwa aondoke na cha kusoma.

Basi, wazazi, msiwakemee watoto wenu wanapopenda kazi za mikono na za ubunifu. Waulizeni kama wanaandika mapato na matumizi yao. Nanyi mafundi mliofanikiwa, mlifundishwa na watu. Nendeni kwa mkutubi wa mji wenu, mwambieni mko tayari kutoa alasiri moja. Mkutubi hawezi kumwalika mtu asiyemjua. Na kijana anayeanza, mara nyingi, huona haya kubisha hodi kwenye karakana yenu.